Tulivyomzunguka Randa

Kijiwe chetu ni benchi lililoegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na karakana ya seremala. Seremala tulimwita Randa. Juzi asubuhi msumeno wa umeme ulimrukia pajani, akatoka nje akichechemea, akaanguka hapahapa mbele yetu, sisi vikombe mkononi. Jana tumemzika. Leo karakana ina kufuli, na tunakunywa kahawa kwa sababu hakuna anayejua kitu kingine cha kufanya. Tuko wanne: mimi, Kinyozi, Profesa, anayetengeneza redio na kujua kila kitu, na Breki, dereva wa teksi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndicho kitu pekee anachokikanyaga garini.

Kinyozi alianza, bila kumtazama mtu.

— Ule unga wa kahawa niliuweka kwenye jeraha kwa nia njema. Mteja akikatwa na wembe dukani kwangu nampaka, damu inakata.

— Wembe na msumeno ni ndugu? — Breki akamuuliza.

— Mdharau mwiba, guu huota tende.

— Sasa hapo mwiba umeingiaje?

Profesa akakohoa, kama anavyokohoa akitaka kutoa hukumu.

— Tatizo si kahawa. Tatizo ni damu yenyewe. Mtu anavuta vumbi la mbao miaka yote, damu inakuwa nyepesi kama chai iliyoongezwa maji. Ndiyo maana nikasema anyweshwe maji. Wahenga walishasema, damu nzito kuliko maji.

— Si umesema yake ilikuwa nyepesi?

— Usinichanganye.

— Haya, na ile kamba? Damu inatoka pajani, wewe unamfunga kifundo cha mguu!

— Ukifunga mlango wa chini, damu inarudi juu. Hiyo ni akili ya kawaida tu.

— Mimi naona tungemchoma, — akasema Kinyozi. — Tungepasha chuma moto, tukabandika pale pale. Dawa ya moto ni moto, na dawa ya chuma ni chuma.

— Umbandike Randa chuma cha moto? Randa huyuhuyu aliyekuwa analia akitolewa kibanzi kidoleni?

Breki akacheka. Tukacheka naye kidogo, maana ni kweli, jitu zima lile lilikuwa linafumba macho na kuita mama yake. Halafu Breki akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

— Mnajua muuguzi aliniuliza nini kule zahanati?

Akaendelea mwenyewe.

— Aliniuliza, "Nani alikuwa anakandamiza?" Nikamwambia tulikuwa tunafunua kila mara, tunaangalia kama imekata. Akatikisa kichwa. Akasema, "Baba, mngemlaza mtu chini, mkachukua kitambaa safi, hata shati lako, mkaweka juu ya jeraha, mkakandamiza kwa nguvu, mikono miwili. Kikilowa unaongeza kingine juu yake, hukitoi. Mnamleta huku mtu bado anakandamiza."

— Angepona? — nikauliza.

— Nami nilimuuliza hivyo. Akasema hajui. Akasema, "Lakini mngempa nafasi." Na gari langu lilikuwa linanguruma hapo, jamani. Mlango wazi. Nawangoja nyie mkubaliane.

Kinyozi akaanza kushikashika vifungo vya shati lake.

— Shati nilikuwa nalo, — akasema.

— Sote tulikuwa na mashati, — akasema Breki.

— Lakini kitaalamu... — Profesa akaanza, asimalize.

Hapo ndipo alipokuja mke wa Randa, mtandio mweusi kichwani, ufunguo wa karakana mkononi. Breki akainuka upesi.

— Shemeji, pole. Karibu ukae.

— Nimeshapoa, shemeji. Sikai. Nina swali tu, maana nyie ndio mliokuwa naye.

— Uliza, shemeji yetu.

— Alisema nini?

Tukatazamana.

— Watoto wananiuliza tangu jana. Hata neno moja. Alikuwa anaongea?

Alikuwa anaongea. Midomo yake ilicheza, niliiona. Alinishika suruali akawa anaivuta, kama mtu anayetaka uiname umsikie. Lakini Profesa alikuwa anamkaripia Kinyozi, Kinyozi anaapa, Breki anapiga honi, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake, nikipaza sauti kuliko wote, nikiwaambia watu wanyamaze.

Shemeji akatutazama mmoja mmoja. Profesa, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

— Basi, — akasema mwishowe, taratibu. — Nitawaambia watoto aliwataja.