Matroni Bonareri Amenyoa Mawimbi Yake

Bi. Bonareri Gichana, matroni wa Shule ya Wasichana ya Kuja Juu hapa Rongo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 25 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wasifu wake ulikuwa tayari tangu wiki iliyopita. Picha ya jalada ilikuwa imechaguliwa: Bi. Bonareri anatabasamu, mawimbi ya nywele zake yamepanda juu ya paji la uso na kushuka hadi nyuma ya sikio la kushoto. Kisha ikaja Jumatatu, ikabidi wasifu wote uandikwe upya. Hadi sasa, nusu ya walimu hawajaamini walichokiona.

Tuanze na yale yasiyoshtua. Bi. Bonareri aliajiriwa mwaka 1992 kama mshonaji wa sare, akapandishwa kuwa matroni miaka minne baadaye. Amewauguza wasichana wenye malaria, amewapokonya simu, amewafundisha kutandika kitanda na kufua soksi bila kuambiwa mara mbili. Mwaka 2011 upepo ulipong'oa paa la bweni la pili, yeye ndiye aliyewatoa wasichana wote nje kabla mabati hayajaanguka, na hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Wageni waliokuja kuona uharibifu walisahau kuangalia paa. Walikuwa wakikodolea macho kichwa cha matroni, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa alasiri na kichwani alikuwa na vipande thelathini na sita vya mpira wa kumwagilia bustani.

Hapo ndipo wengi walipoijua siri. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeshikilia kwamba zile nywele ni za saluni ya Kisii mjini. Wengine waliapa kwamba ni wigi. Kumbe zilitengenezwa nyumbani kwake, kwenye kigoda, mbele ya kioo kilichopasuka pembeni. Kielelezo chake kilikuwa picha ya harusi ya mama yake, iliyopigwa studio mwaka 1964, mama akiwa na mawimbi ambayo leo huyaoni ila kwenye picha za zamani. Bi. Bonareri aliyaiga kwa kuangalia tu, akakosea kwa miaka miwili, akapatia.

Kazi ilifanywa Ijumaa, tena kabla jua halijazama, kwa sababu yeye ni Msabato na Sabato haianzi mtu akiwa na kitana mkononi. Aliosha nywele, akazipaka mafuta, akazigawa kwa ncha ya kitana. Kila fungu alililowesha, akalizungusha kwenye kipande cha mpira hadi kwenye ngozi, akakibana kwa pini. Zikalala zimefungwa kitambaa. Asubuhi alitoa vipande kuanzia kisogoni, bila haraka, akaachanisha kwa vidole vyenye mafuta, na mwisho kabisa ndipo brashi iliporuhusiwa kugusa.

Dawa ya kushikilia mawimbi nayo ina hadithi yake. Mwanzoni alitumia maji ya sukari. Yalishika vizuri mno, mpaka Sabato moja sisimizi walipopanga mstari kwenye kiti cha kanisa na kuanza kupanda shingoni mwake wakati wa maombi marefu. Hakutikisika hata kidogo, lakini wiki iliyofuata alihamia kwenye maji ya mlenda, yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa cha chai. Mlenda huo huo tuliupata kwenye sufuria zetu na kichwani kwake, na hakuna sisimizi aliyemfuata tena. Alipoulizwa kama kanisa linaruhusu mapambo hayo, jibu lake lilikuwa kwamba hereni zilikatazwa, ila mpira wa bustani haukutajwa popote.

Jambo ambalo halikuwahi kutuingia akilini ni kwamba mwanamke mwenye nywele kama zile ndiye aliyeshika mkasi wa shule. Sheria yetu ni nywele fupi. Kila msichana wa Kidato cha Kwanza amepita kwenye kiti cha Bi. Bonareri, ameziona nywele zake zikidondoka, kisha ameinua macho na kuyaona mawimbi yale. Wengi wamelia. Wachache wamemchukia kwa muhula mmoja, wakasahau.

Mwaka 2003 mmoja alikataa kabisa. Alitoka Macalder, binti wa mchimba dhahabu, na nyanya yake alikuwa amemsuka mikia miwili kwa uzi wa samawati na kumwonya asiache nywele zake mikononi mwa mtu asiyemjua. Sisi wa huku tunajua onyo hilo lina uzito gani. Nywele za mtu haziachwi ovyo, kwa maana huwezi kujua atakayeziokota ana nia gani. Msichana alisimama mlangoni na sanduku lake, akasema afadhali arudi nyumbani. Baba yake alikuwa ameuza mbuzi wawili ili kupata nafasi ile, na hakuna shule nyingine iliyokuwa inamsubiri. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshachoka na kuanza kumwandikia barua ya kumrudisha.

Bi. Bonareri aliweka mkasi chini. Waliokuwepo wanayakumbuka maneno yake hivi: "Wacha nikukate. Hizi nitakuwekea mimi mwenyewe, hakuna mtu ataguza. Siku nikitoka hii shule nitanyoa zangu nikupatie, ndio usiseme nilikuibia." Msichana alimtazama kichwani kwa muda mrefu. Halafu akakaa kwenye kiti.

Barua ikachanwa. Msichana akasoma, akamaliza, akaenda zake chuo kikuu. Ahadi ile ikafifia kama ahadi nyingi za kumbembeleza mtoto, na hatukuwahi kumsikia mtu akiitaja tena.

Sasa Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Elvis, bawabu wetu, alifungua lango na kuvua kofia. Bi. Bonareri alikuwa ameingia akiwa amenyoa kichwa kizima, kinang'aa kama cha Kidato cha Kwanza. Elvis alimpa pole kwa sauti ya chini, naye akaipokea na kupita. Dakika hiyo hiyo simu ya mwalimu mkuu, Madam Bitutu, ililia, Elvis akiwa upande wa pili: "Madam, matron amekuja na kichwa tupu. Hapa kuna kitu imetokea."

Msomaji wa mbali huenda akauliza kwa nini hatukumuuliza tu. Msomaji wa Rongo hawezi kuuliza hivyo. Mwanamke akinyoa kwetu, iwe ni kwa Wajaluo au kwa Wakisii, amefiwa, na aliyefiwa haulizwi nani. Unampa mkono, unanyamaza, unangoja aseme mwenyewe. Tukangoja. Kila aliyempa mkono alikuwa na machozi, na Bi. Bonareri, akidhani tunamlilia kwa kuwa anaondoka, naye akatokwa na machozi. Kwetu huo ukawa ushahidi kamili.

Kufikia saa mbili tulikuwa tumeshakubaliana kwamba aliyekufa ni mumewe, Mzee Obare. Hakuna anayejua wazo hilo lilianzia wapi. Mwalimu Gordon, mwenyekiti wetu wa maslahi, alituma ujumbe kwenye kundi la wafanyakazi na kuanza kuorodhesha watakaokwenda kwenye maziko. Okari wa jikoni aliweka sufuria kubwa ya chai ya waombolezaji, akawa anaikoroga huku analia kwa sauti. Mwalimu wa Kiswahili aliwakusanya wanakwaya, akawafundisha wimbo wa kuaga, na akaanza kutunga maneno ya rambirambi. Mezani kwake alikuta bahasha ya kaki iliyoandikwa jina lake kwa mwandiko wa Bi. Bonareri. Alidhani ni taratibu za maziko. Akakosa moyo wa kuifungua, akaifunika kwa kitabu cha nyimbo.

Saa nne kamili, kwaya ikiwa kwenye ubeti wa pili, pikipiki ilisimama langoni, na aliyeshuka ni Mzee Obare.

Wasichana wawili wa sauti ya kwanza walikimbia hadi bwenini na hawakurudi. Okari aliangusha mwiko. Elvis, ambaye anaogopwa na wezi wa tarafa nzima, alijikuta nyuma ya kibanda chake bila kukumbuka alifikaje. Mzee mwenyewe alikuwa ameleta kitambaa cha kichwa ambacho mkewe alikisahau, maana kichwa kisichozoea baridi huuma. Aliona chai, aliona kwaya, akaona macho yetu, akauliza kwa upole, "Kwani nani amekufa?"

Mwalimu Gordon ni mtu mkweli. "Mzee," alisema, "tulikuwa tunasema ni wewe."

Mzee Obare alikaa chini kwenye nyasi. Kisha akaomba kikombe cha ile chai, akisema kwamba si kila mtu hupata bahati ya kuonja ya kwake.

Tulicheka hadi mbavu zikauma, na Bi. Bonareri alicheka kuliko wote, akijishika kichwa kitupu. Ila kicheko kilipoisha, swali lilikuwa bado limesimama palepale. Kama hakuna aliyekufa, amenyoa kwa nini? Madam Bitutu ndiye aliyeuliza. Bi. Bonareri alishangaa kuulizwa. Alinyoosha kidole kuelekea chumba cha walimu, akasema, "Si nimemwekea mwalimu wa Kiswahili bahasha yake kwa meza?"

Bahasha ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na leso nyeupe, na ndani ya leso mikia miwili ya nywele za mtoto, iliyosukwa kwa uzi wa samawati, imefungwa vizuri kama ilivyokatwa Februari ya 2003. Chini yake yalikuwa mawimbi. Yote. Meupe kwa meusi, yamepangwa kwa ukubwa. Alikuwa ameyaweka kwenye vipande vya mpira Ijumaa kama kawaida, akayachana asubuhi ya Sabato na kwenda nayo kanisani mara ya mwisho, kisha Jumapili akampa mumewe mkasi. Hakutaka kukabidhi nywele ambazo hazijatengenezwa. Bado zilikuwa zimejikunja, na bado zilinukia mlenda kwa mbali.

Yule msichana wa Macalder ndiye mwalimu wa Kiswahili wa shule hii, na ndiye anayeandika wasifu huu. Kwa miaka kumi na mmoja amekunywa chai meza moja na Bi. Bonareri bila kuitaja siku ile, kwa kuwa aliisahau. Aliyeahidi hakusahau. Katika shule nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyepaswa kujua maana ya kichwa kile, naye ndiye aliyekuwa akifundisha wimbo wa maziko. Aibu hiyo ameibeba wiki nzima, na anaiandika hapa ili isomwe hadharani.

Jumanne alimpigia simu nyanya yake, ambaye sasa ana miaka themanini na saba. Nyanya aliuliza kama mikia yote miwili imerudi. Aliambiwa ndiyo. Kisha akasema kwa Kijaluo kwamba huyo mama wa Kisii ni mtu, na kwamba angependa kumpikia kuku.

Jana, Jumatano, mwandishi alikwenda nyumbani kwa Bi. Bonareri kuomba msamaha. Hakupewa nafasi ya kuomba. Alikalishwa kwenye kigoda, rasta zake zikafumuliwa, maji ya mlenda yakaletwa, na vipande thelathini na sita vya mpira vikapanda kichwani kimoja kimoja, huku akiambiwa asitikise shingo. Waliomwona mwandishi asubuhi ya leo na kuuliza kulikoni, jibu ndilo hilo.

Sherehe ya Ijumaa itamalizika saa tisa alasiri bila kuongezewa hata dakika, kwa kuwa mgeni wetu wa heshima huwa nyumbani kabla jua halijazama, na mabadiliko ya kichwa hayajabadilisha hilo. Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, na wasichana wote waliowahi kulia kwenye kiti chako, ahsante, Bi. Bonareri. Pumzika vizuri pamoja na Mzee Obare, Mungu amzidishie miaka, maana tulishamlilia na hatuna machozi mengine. Nywele zako zikiota, tengeneza. Zikikataa, njoo shuleni uyaone mawimbi kwenye kichwa ulichokinyoa mwaka 2003. Na hizi ulizoniachia ziko kwangu, ndani ya leso ileile. Hakuna mtu ataguza.