Mashine Iliyo Chini ya Dirisha la Mama Teodora

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya kampuni inayomiliki jengo hili. Ndugu Farouk, Meneja wa jengo. Viongozi wa mtaa. Wazee wetu, shikamooni. Wapangaji wenzetu, mabibi na mabwana:

KUKUKARIBISHA

Sisi wapangaji wa jengo hili la hapa Mkuyuni, wa juu na wa chini, tunakukaribisha kwa heshima zote. Umekuja kuzindua geti jipya na bustani, na kwa kweli vinapendeza. Ila kabla hatujaendelea, tunaomba uiweke pembeni bahasha uliyopewa ulipoketi. Ndani yake kuna risala nyingine. Tuliiandika sisi, ikapelekwa ofisini ipitiwe kama ilivyo desturi, ikarudi imenyolewa upara. Sehemu ya changamoto ilifutwa yote, na mahali pake pakaandikwa kwamba wapangaji hawana tatizo lolote, ila wanaomba viti zaidi vya bustani.

Hatukuomba viti. Anayekusomea ni katibu wetu, Hellen Shimba, na haya anayoyasoma ndiyo maneno yetu.

HISTORIA FUPI

Jengo lilipofunguliwa, kampuni ilijisifu kwa mtambo mmoja mkubwa wa kupoza hewa. Mabomba ya ubaridi yanapanda ghorofani. Mashine yenyewe, ile yenye feni na kompresa, iliwekwa nyuma, chini kabisa, kwenye ukuta wa nyumba za chini. Yaani wa juu walipewa ubaridi, wa chini wakapewa mashine. Hata hivyo hatukulalamika, maana mwanzoni ilikuwa inavuma taratibu tu, mtu unaizoea.

Lakini kila anayeishi kando ya ziwa hili anajua jambo moja. Wadudu wa ziwani wakiinuka, wanakuja kama moshi. Wanaingia kwenye taa, wanaingia kwenye uji, wanaingia puani, na asubuhi unawafagia mlangoni wakiwa chungu nzima. Wanaingia pia kwenye mashine na kufia humo. Muuza soda wa Mabatini mwenye friji moja tu anajua kwamba wadudu wakishapita, lazima ufungue nyuma usafishe. Kampuni hii haikufungua hata mara moja. Vumbi likashikana na wadudu, mvua ikalowesha, jua likakausha, wadudu wengine wakaja juu yake. Nati zikalegea. Mipira inayokaa chini ya miguu ya mashine ikaoza, chuma kikabaki kinagonga zege.

Mvumo ukawa mngurumo, mngurumo ukawa kishindo. Tukaubatiza mtambo huo jina la Mtemi, kwa sababu ukisema, wengine wote wananyamaza.

MAFANIKIO

Risala haikosi mafanikio, nasi tunayo. Watoto wetu sasa wanajua kusoma midomo. Bi Zakia wa ghorofa ya kwanza, anayefundisha watoto Kurani, ameweza kuhamishia darasa lake ngazini. Sisi wengine tumefanikiwa kugombana, maana kila mmoja alifungulia redio ili asimsikie Mtemi, kisha akamchukia jirani kwa redio yake. Na geti limepakwa rangi mara mbili, kwa kuwa ile ya kwanza haikumpendeza meneja.

Mgeni rasmi, tunatania, lakini tumekasirika. Tumeliandika neno hilo waziwazi ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa. Tumekasirika sana.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, na ina wenyewe.

Mzee Yeremia Maige na mkewe, Mama Teodora, wanakaa nyumba ya chini, upande wa nyuma. Mzee Yeremia aliuza nyavu hapa mjini miaka mingi. Wavuvi wa visiwani wanamkumbuka kwa ubishi wa bei. Mama Teodora alikuwa na sauti kuliko yeyote tuliyemjua. Kanisani, mwalimu wa kwaya alimwomba asimame nyuma ili wenzake nao wasikike.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea, na sauti ikabaki ya kunong'ona. Daktari alimwambia Mzee Yeremia azungumze naye kila siku na amwache ajibu, kwa sababu hata hiyo iliyobaki, isipotumika, itapotea.

Basi mzee akawa anakaa naye dirishani, anamuuliza habari za zamani, nani alimwoa nani, ng'ombe gani walitolewa. Mama anasimulia, mzee anainamisha sikio, na nje Mtemi anapiga. Mara nyingi mzee aliitikia jambo ambalo hakulisikia, na mkewe alijua. Taratibu mama akaanza kunyamaza. Hilo lilimuuma Mzee Yeremia kuliko ugonjwa wenyewe. Mwanamke ambaye maisha yote hakumwacha amalize maneno yake, sasa anaona hakuna faida ya kuanza ya kwake.

Mzee akaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema ndugu Farouk.

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya ile mashine. Mke wangu simsikii."

"Fundi yuko njiani. Vumilia kidogo."

Akavumilia. Akarudi, akaambiwa avumilie. Akarudi tena.

"Huyo fundi anatoka wapi, mwanangu?" aliuliza. "Hata kama anakuja kwa miguu kutoka Bukoba, si angekuwa ameshafika?"

Ndugu Farouk alicheka sana, akampigapiga mzee begani. Mzee Yeremia hakucheka. Alirudi nyumbani akafunga dirisha, joto likawapika wote wawili, na kishindo kikaendelea kupita ukutani.

Siku moja mchana alikuwa jikoni anakoroga uji. Kati yake na mkewe palikuwa na ukuta mmoja na mlango ulio wazi. Mama Teodora alitaka kuinuliwa. Akamwita. Akamwita tena. Alipoona haji, akajaribu kusimama mwenyewe. Mzee Yeremia hakusikia kuitwa wala hakusikia kuanguka. Alitoka na bakuli lake mkononi, akamkuta sakafuni, nyonga imevunjika, na midomo yake bado inaita, "Yeremia, Yeremia."

Waliporudi kutoka hospitali, mzee alichukua kamba ya nyavu. Ncha moja aliifunga kwenye mkono mzima wa mkewe, ya pili kwenye mkono wake, ili mama akimhitaji avute. Mgeni rasmi, tunaomba ulitafakari hili. Mtu na mkewe wamefungana kamba ndani ya nyumba wanayoilipia kodi, kwa sababu kuna mashine ambayo hakuna aliyetaka kuisafisha.

Alikaa na kamba hiyo mpaka asubuhi moja alipoifungua, akachukua mchi wa kinu, akatoka nyuma na kumpiga Mtemi. Tulitoka sote, wa chini uani, wa juu kwenye baraza zao. Hakuna aliyemshika, na tunasema bila aibu kwamba baadhi yetu tulimshangilia. Bati la kufunika likaanguka, feni ikakwama, mtambo ukazima. Ndipo tukaona tumbo la mashine. Wadudu waliokufa walikuwa wamegandamana mle ndani kama makapi ya dagaa, mfuko wa plastiki umejisokota kwenye feni, na kwenye mguu mmoja hapakuwa na nati hata moja.

Kukawa kimya. Na katika kimya hicho, kutoka dirishani, sauti ndogo ikasema, "Yeremia, acha. Utaumia."

Tulimsikia mpaka ghorofa ya pili. Mzee aliuangusha mchi, akakaa chini pale pale, akalia mbele ya watu wote.

Sasa sikia kampuni yako ilifanya nini. Ilituma watu siku hiyo hiyo. Fundi aliyekuwa njiani tangu zamani ghafla alifika. Hawakusafisha kitu. Walivuta ule mfuko, wakanyoosha feni kwa mikono, wakalirudisha bati, wakalifunga kwa waya, wakawasha. Kisha Mzee Yeremia akapewa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi huu, kwa kosa la kuharibu mali ya kampuni.

Mali! Mtu huharibu kitu kizima. Kile kiliharibiwa na waliokitelekeza, tena kwa miaka, na hakuna kati yao aliyepewa notisi. Mwenye kuvunjika nyonga anafukuzwa, aliyesema "vumilia" ameketi pale mbele amevaa ua kifuani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi mashine mpya. Tunaomba hii iliyopo ifunguliwe, ioshwe, nati zikazwe, mipira ya miguu ibadilishwe, feni ilainishwe na kunyooshwa sawasawa. Wadudu wa ziwani wakishapita, ifunguliwe tena ioshwe, na iwe hivyo daima, awe anakuja mgeni au asiwe anakuja. Hata mwenye bodaboda anajua kwamba chombo kikinyimwa sevisi kinapiga kelele kwanza, kisha kinakufa.

Na kabla ya hayo yote, notisi ya Mzee Yeremia ifutwe leo, hapa, mbele yetu. Ukituambia umelichukua na utakwenda kulifanyia kazi, tutajua kwamba wewe nawe uko njiani pamoja na fundi. Na mzee huyu akitoka na mkewe, tumekubaliana kwamba nasi tunatoka, wa juu na wa chini, mbaki na geti lenu.

HITIMISHO

Bila shaka umeona kwamba tangu ufike tunasikilizana vizuri. Mashine ilizimwa alfajiri kwa ajili yako, na tumeambiwa itawashwa gari lako likishatoka.

Tunaomba iwashwe sasa, ungali hapa. Mzee Yeremia amekuwekea kiti kando ya kitanda cha mkewe. Mama Teodora ana neno la kukuambia. Tulimuuliza ni lipi, akakataa kutuambia. Alisema hilo ni la mgeni. Ingia, kaa, msikilize. Ukilisikia, urudi hapa ututajie, nasi tutafuta malalamiko yetu yote na kukuomba radhi. Usipolisikia, basi njoo useme hivyo kwenye kipaza sauti hiki, watu wote wasikie, kisha utoe amri.

Mungu akujalie uzee mwema, na siku utakapoita kwa sauti ndogo, awepo wa kukusikia.

Ni sisi,
Umoja wa Wapangaji,
Mkuyuni, Mwanza.