Mzee Haivuji, Msanifu wa Vikalio vya Vali

Marehemu, ambaye karakana nzima na hata wajukuu wake walimwita Mzee Haivuji, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa mama fundi cherehani na baba aliyebadilisha njia za treni. Alipokuwa mdogo, bomba la uani lilivuja usiku na mchana, na majirani wakawa hawasalimiani kwa sababu ya tope. Akakata kiduara cha ngozi, akakitia ndani ya bomba, na maji yakakatika. Asubuhi baba yake alivaa viatu vya kazini akahisi baridi kisiginoni. Maji yaliacha kutiririka, machozi yakaanza. Mama yake alipenda kusema kwamba zile fimbo ndizo zilizomfanya fundi, "maana tangu siku ile hajakata kitu kabla hajauliza ni cha nani."

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1971, kisha akaingia sekondari ya ufundi. Hesabu alizipenda, insha zilimkimbia, na kandanda alicheza golini tu, kwa hoja kwamba huko ndiko wanakozuia. Mwaka 1978 alihitimu stashahada ya uhandisi mitambo. Mwalimu wake wa michoro alisema hadharani kwamba kijana huyu hachori mstari asioweza kuutetea. Ni kweli. Hata ramani ya kumwelekeza mgeni nyumbani aliichora kwa rula.

Januari 1979 aliajiriwa katika karakana ya vali iliyohudumia mitambo ya umeme na kiwanda cha karatasi, akabaki hapo mpaka alipostaafu mwaka 2017. Kwa asiyejua kazi hiyo, vali ni mlango wa bomba, na mlango hauzibi kwa ukubwa wa ubao wake, unaziba pale unapokalia. Mahali hapo mafundi hupaita kikalio. Vali ya lango hushusha kabari ya chuma katikati ya vikalio viwili. Vali ya gololi huzungusha tufe lenye tundu katikati ya pete mbili laini. Mkwaruzo mwembamba kama unywele ukipita kwenye kikalio, mvuke huupata, huupanua, na baada ya muda mfupi mlango huo ni pambo tu.

Kuanzia mwaka 1988 alihamia chumba cha michoro, na huko ndiko alikopata heshima yake. Vali za lango zilikuwa zikifungwa zikiwa moto, zikapoa, kabari ikabanwa na vikalio mpaka ikashindikana kufunguka. Yeye aliikata kabari ile mfereji kuzunguka ukingo wake, ikabaki imeungana katikati tu, ili kila uso upinde kidogo na kukifuata kikalio chake. "Kisichokubali kupinda hata kidogo," aliwaambia vijana, "kitavunjwa na nyundo." Kwenye vali za gololi, pete laini zilikuwa zikichoka kwa joto, zikanywea na kuacha nafasi. Aliweka springi bapa nyuma ya kila pete, ili pete ikirudi nyuma, springi iisukume mbele. Kwenye majaribio hakukubali tone. Meneja mmoja alimwambia kanuni inaruhusu matone machache kwa dakika. Akajibu, "Kanuni haikai chini ya bomba hili. Anayekaa ni mtu."

Alikuwa na desturi moja, na wote waliopita mikononi mwake walijifunza. Fundi akishatoa kamba ya zamani iliyoziba shingo ya vali, na akishasaga kikalio kikang'aa kama kioo, alipaswa kukisafisha kwa pumzi yake mwenyewe. Hewa ya mashine ilikuwa na maji na mafuta, na kitambaa kiliacha nyuzi. Basi mtu aliinamisha uso ndani ya vali, akavuta pumzi ndefu, akapuliza. Vumbi jeupe liliruka, likamfunika nyusi. Walichekana: "Umezeeka leo leo!" Marehemu alikuwa na pumzi ndefu kuliko wote, na aliwafundisha wengine kwa fahari, mkono wake tumboni mwao kuonyesha pumzi inakotoka. Kamba ile ilikuwa ya asbesto. Katika miaka ya tisini yeye mwenyewe alichora pete za grafiti za kuziba mahali pake, lakini alifanya hivyo kwa sababu kamba ilikuwa ikivuja. Hakuna aliyemwambia sababu nyingine. Na vali kuukuu, zenye kamba yao shingoni, ziliendelea kuletwa karakana mwaka baada ya mwaka.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980 na mtunza stoo wa karakana hiyo hiyo. Walikutana kwenye dirisha la stoo. Alikwenda kuomba sili ya mpira, pete ya kuzibia, na binti yule akakataa kumpa.

"Inakwenda kukaa na nini?" akamuuliza.

"Wewe nipe tu, dada, nina haraka."

"Kama ni mafuta, hii itavimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Kama ni mvuke, itaungua. Sema inakaa na nini, au rudi na haraka yako."

Akasema. Wiki iliyofuata alirudi bila kuhitaji sili yoyote, akamuuliza kama yeye mwenyewe angeweza kukaa na mtu wa kelele na grisi. Mtunza stoo alimjibu kwamba kitu kama hicho hakitolewi bila majaribio. Majaribio yalidumu miezi kumi. Walijaliwa binti mwaka 1981 na mtoto wa kiume mwaka 1985. Mvulana alichagua ualimu. Binti alichagua vali. Mwaka 2002 aliingia karakana akiwa fundi kamili, na baba yake, aliyekuwa msanifu mkuu, alitembea siku hiyo kama aliyeongezewa kimo. Binti alikuwa na uso mwembamba, ulioingia ndani ya vali ambazo vichwa vya wanaume havikupita. Kwa hiyo vikalio vya ndani kabisa alipewa yeye kuvipuliza. Baba yake ndiye aliyemfundisha.

Mwezi Mei 2023 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Alidhani ni uzee. Picha ilionyesha maji yamejaa upande mmoja wa kifua, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha saratani ya utando wa mapafu. Daktari alimuuliza kama aliwahi kufanya kazi na asbesto. Marehemu aliitikia kwa kichwa, lakini hakuuliza atapona au atakufa. Aliuliza: "Inachukua muda gani kujitokeza?"

"Miaka ishirini. Thelathini. Hata arobaini."

Pale pale, mbele ya daktari, alianza kuhesabu kwa vidole kuanzia 2002.

Tangu siku hiyo ugonjwa wake aliuona kama jambo dogo. Alishika simu akawapigia wote aliowahi kuwafundisha kupuliza, akiwasihi wakapigwe picha ya kifua. Wengine walimcheka kwa mapenzi: "Mzee, unatutafutia wenzako wa safari?" Wengine walikwenda. Namba nyingine zilipokelewa na wajane. Kila alipokata simu moja kati ya hizo, alilala akiuelekea ukuta, na mkewe alikaa naye, akimsugua mgongo.

Mtu mmoja tu alikataa kabisa. Binti yake alikuja kila jioni, akamwosha baba yake, akambadilishia shuka, na kila jioni aliulizwa swali moja.

"Umekwenda?"

"Baba, wewe ndiye mgonjwa. Mimi nikapigwe picha ya nini?"

"Hicho kikohozi chako."

"Ni mafua. Nitakwenda ukipata nafuu."

"Mwanangu, huko kwenye nafuu mimi siendi."

Binti akatoka kwenda uani, akalia akiwa ameuma kanga asisikike. Mama yake alipomfuata, alimwambia ukweli: "Mama, nina mtoto wa miaka tisa. Nikijua, nitamtazamaje?" Mama yake alimfuta uso kwa ncha ya kanga ileile.

Mwanzoni mwa Machi 2024 maji yalijaa tena kifuani, akalazwa hospitalini. Marehemu alikuwa hawezi kulala chali, aliketi amekumbatia mto, midomo imebadilika rangi. Muuguzi alipoleta sindano ya kuyatoa, alikataa. Alisema kifua chake hakitatobolewa mpaka binti yake apigwe picha. Walimbembeleza, wakamkemea. Mkewe akapiga kelele wodi nzima ikasikia: "Nyie baba na mwana mna vichwa kama nati zilizoshika kutu! Mmoja anakufa kwa ubishi, mwingine anasubiri zamu!" Kisha akapiga magoti kati ya mumewe kitandani na binti yake aliyesimama kando, mwanamke wa miaka sitini na mitano, kwenye sakafu ya hospitali, akamshika kila mmoja mguu. "Nimewaomba nini maisha yangu yote? Leo naomba."

Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024, binti yake alikwenda. Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa ukumbi wa wodi ileile. Aliporudi na pamba mkononi palipotolewa damu ya vipimo vilivyoambatana na picha, marehemu aliikagua pamba kwanza, kama asiyemwamini, ndipo akamfunulia muuguzi ubavu. Usiku ule alilala. Siku iliyofuata aliuliza majibu yanatoka lini, akaambiwa ni wiki ijayo. Alisema, "Nitajitahidi." Hakuweza. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, alfajiri, binti yake akiwa amemwegemeza kifuani mwake ili apumue.

Marehemu ameacha mke, aliyekuwa mtunza stoo; mtoto wa kiume, mwalimu, pamoja na mkewe; wajukuu wanne; na dada mmoja. Ameacha pia binti, fundi wa vali, ambaye picha yake itasomwa kesho saa tatu asubuhi. Aliagiza asiende peke yake. Mama yake atakwenda naye, na mdogo wake wa kiume, na shangazi yake. Mafundi wa karakana mliosimama hapa, agizo lake kwenu ni hilohilo: nendeni, na msiende peke yenu.

Tunamwombea usingizi wa amani, ingawa aliondoka akisubiri jibu. Sisi tutakuwa katika ukumbi ule wa hospitali kesho, tukilisubiri kwa niaba yake.