Papa Cirhuza na Nyembe Zake za Toongabbie

Wapendwa, mliotoka Penrith, Quakers Hill na mbali zaidi kuja kukaa nasi, mimi ni Nicole, binti wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya Papa.

Papa Cirhuza Adrien alizaliwa tarehe 7 Juni 1955 huko Kabare, Kivu Kusini, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari mjini Bukavu, akawa mwalimu wa hesabu hadi vita vilipomwondoa nchini mwaka 1998. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Mama Honorine, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Olivier na mimi. Baada ya miaka ya ukimbizi Uganda, tulipokelewa Sydney mwezi Oktoba 2010, tukakaa Toongabbie, na Papa akafanya kazi kwenye ghala, akipanga maboksi, bila kulalamika.

Mwaka 2012 alinunua sokoni wembe wa kukunja, wa bei rahisi, akaung'oa mpini wake wa plastiki, akachonga mwingine wa mbao, akaufunga kwa pini za shaba, akanoa makali kwenye jiwe, akayapitisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka yakang'aa. Wembe ule ulimkata shavu, akaanza mwingine. Tangu hapo kibaraza chetu kilijaa vumbi la mbao, na Mama alifagia, akanung'unika, akafagia.

Mbao aliziokota barabarani, kwenye vyombo ambavyo watu huweka nje ili manispaa ivichukue, na siku moja akabeba kiti cha jirani mpya, Bwana Wekesa kutoka Kenya, ambaye hakuwa anatupa, alikuwa anahamia. Wekesa alimfuata mpaka kibarazani, akakuta mguu mmoja umeshakatwa, akasema, "Mzee, hicho kiti bado nakikalia!" Papa alikitengenezea mguu mpya, akaongeza na wembe, nasi tukapata ndugu katika nchi ambako hatukuwa na ndugu.

Mwezi Machi 2017 madaktari walimweleza kwamba ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kwamba mikono ndiyo itakayotangulia kudhoofika. Alikuwa amewapa nyembe mchungaji, majirani na wenzake wa kazini, lakini hakuwa amempa Olivier, aliyehamia Penrith, aliyekuja nyumbani kwa nadra, na aliyejibu simu za Papa kwa Kiingereza, kwa haraka. Papa aliogopa mikono itamwacha kabla hajamtengenezea wake. Akachonga polepole, Wekesa akishika mbao, Mama akishika taa, hadi Septemba 2018 ukakamilika, mpini umepinda kidogo, na Papa mwenyewe hawezi tena kujinyoa.

Olivier aliupokea, akamkalisha Papa kibarazani, akampaka povu. Alimkata kidevuni, na Papa akacheka, akasema, "Endelea, mwanangu, hata mimi nilijikata." Baada ya hapo Olivier alipanda treni kila Jumamosi kuja kumnyoa.

Papa alifariki Jumamosi, tarehe 11 Mei 2019, hospitalini, Mama akiwa upande mmoja, Olivier upande mwingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomwita Papa kwa jina lake na kulitamka sawasawa. Tunawashukuru wenzake wa ghala, waliokuja kumsalimia na sare zao za kazi. Tunamshukuru Bwana Wekesa, aliyempeleka kliniki kwa gari lake hadi mwisho. Tunakushukuru wewe, Olivier. Papa, uliomba muda wa wembe mmoja, ukapewa Jumamosi nyingi. Sasa pumzika, Papa, pumzika kwa amani.