Mpango wa Tatu, Kabla ya Saa Nane

Bismillahi. Kaeni chini nyote. Aflah, wewe mkubwa, njoo huku mbele nikuone uso. Hatem, weka hiyo simu. Na wewe Shaikha, usijifiche nyuma ya pazia kama mgeni, hapa si kwa watu, hapa ni kwa babako anayekufa. Nikishaanza kusema msinikate, maana pumzi yenyewe inakuja kwa kuombwa, na nikisimama katikati sijui kama ntaanza tena.

Saa hizi saa tano. Saa nane mchana wanafunga, na leo ndo siku ya mwisho ya kubadilisha mpango wetu wa matibabu. Wiki mbili mmekuwa mkikizunguka kitanda hichi mnanong'ona, mnadhani mzee kalala. Sikulala. Nimesikia yote. Serikali imesema kila familia ichague mpango mmoja, na madaktari wake na spitali zake, na ukishachagua umefungwa nao mwaka mzima. Huu wa pili tulionao una mashine yangu ya figo, dakika tano tu kutoka nyumbani Al Amerat, lakini hauna daktari wa damu wa mjukuu wangu Ruba, mwanao Shaikha. Mpango wa tatu una daktari wa Ruba, na mashine yangu hauna. Wenye vyote viwili haupo, nishamuuliza kila mtu aliyeingia chumba hichi, mpaka yule kijana wa Bangladeshi anayepiga deki, naye kanitikisia kichwa kwa huruma.

Nyie mnasema Baba hatolewi kwenye mashine yake. Mie nasema badilisheni. Lakini kabla hamjanijibu, nna jambo nlitakalo mlisikie kwa mdomo wangu, kwa sababu mnanihishimu kwa kitu ambacho sinacho.

Mie sijui kusoma.

Usinitazame hivo, Hatem. Kiarabu cha kusema nnacho, cha barabarani, cha kugombana na polisi wa trafiki na kupunguziwa bei ya mbuzi sokoni. Kihindi nakisema, Kibaluchi naweza kukitukania mtu mpaka akacheka mwenyewe. Lakini mnipe karatasi, ni kama mmenipa njia ya wadudu chungu. Unguja skuli niliikimbia darasa la tatu, chuoni kwa maalim wa Kurani nikatoroka kwa dirisha, kutwa niko mitaani Ng'ambo nauza karanga na kupigana. Nikaja huku kwa Waarabu kijana, sijui hata alifu, na kila mtu anasema hawa waliotoka Zanzibar ndo wasomi, wapeni kazi za serikali. Nikapewa gari ya wizara pale Al Khuwair. Miaka thalathini na moja nimeendesha, nimepeleka barua za wakubwa kwa kutazama rangi ya muhuri na kumuuliza bawabu, 'Hii ya kwenu au ya jirani?' Wakadhani nafanya mzaha.

Macho yangu alikuwa mama yenu. Kila karatasi iliyoingia nyumba ile, ya umeme, ya skuli zenu, ya talaka yako Shaikha, akinisomea jikoni huku anakuna nazi, kisha mie natoka barazani nakuelezeni kama niliyeisoma mwenyewe. Siri ile kaenda nayo kaburini, Mungu amrehemu. Alipokufa sikulia mke tu. Niliyalilia na macho yangu.

Sasa, fomu ya mipango ilikuja mwaka jana, miezi minne baada ya kumzika. Ami yenu Msellem alikuja mwenyewe nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Akakaa pale mlangoni, kikombe cha kahawa hakukigusa, akanambia, 'Sinan, lete hiyo fomu nikusomee.' Mnajua kwa nini tulinuniana. Harusi ya Aflah nilipewa karatasi nisome majina ya wageni, nikasita, na ndugu yangu wa tumbo moja akasema mbele ya wanaume wote, 'Mpeni mwengine, huyu atayasoma kichwa chini miguu juu.' Watu wakacheka, na mie nikacheka, lakini toka siku ile sikumpa mkono. Basi aliponambia anisomee nikamjibu, 'Mie nna macho yangu.' Akainuka akavaa viatu. Sasa naona alikuja kuomba radhi, na kwa mtu kama yeye hakuna namna nyengine ya kuiomba. Nikamfukuza.

Ngojeni. Ngojeni kidogo... Nipeni maji. Tone tu, daktari kakataza. Haya.

Nikaenda ofisini peke yangu. Pale kaunta kulikuwa na binti, Jumana, na yeye watu wao wa Unguja vilevile. Akanambia, 'Shikamoo babu.' Nyie, miaka hamsini nimesimama mbele ya kaunta za mji huu natoka jasho nikitafuta maneno, na hakuna hata mmoja aliyenipa shikamoo. Moyo ukafunguka, nikajiona mtu. Akanambia mpango wa pili una mashine ya figo karibu na kwetu, nami baada ya hapo masikio nikayaziba. Nilisikia yangu mie tu. Yule binti akasema, 'Babu, ichukue nyumbani wakaisome watoto. Kuna mgonjwa mwengine kwenye kadi yako? Angalia ukurasa wa nne, spitali zote zimeandikwa.' Nikamwambia, 'Binti, mie nlikuwa naingia wizarani kabla mamako hajazaliwa.' Akacheka. 'Haya babu, lakini ukurasa wa nne umeusoma?'

Nikamwambia nimeusoma.

Hapo hapo. Neno moja hilo. Nikatia saini yangu, ile mistari miwili aliyonifundisha mama yenu, nikarudi nyumbani nnapiga mluzi ndani ya gari.

Iliyobaki mnaijua, lakini ntaisema, maana nimeikimbia mwaka mzima. Ruba alipopata maumivu ile asubuhi ya joto kali, Shaikha ulimkimbiza spitali kubwa ambako wanamjua tokea ana miaka miwili, wanajua sikoseli yake inavompanda. Wakakwambia hili si la dharura, ni maumivu, na mpango wako haupo hapa, leta kibali. Ukamrudisha kliniki ya mpango wa pili. Mkakaa vitini tokea saa mbili asubuhi mpaka alasiri, mnangoja kibali kije kwenye kompyuta, na mtoto anakwambia, 'Mama, mkono wangu umelala.' Ukamwambia, 'Unyooshe mwanangu, utaamka.' Hukujua. Nani angejua? Akaanguka pale kitini, mdomo umekwenda upande. Mtoto wa miaka tisa, kiharusi cha kizee kama mie. Ule mkono uliokuwa ukiokota kombe ufukweni Yiti, sasa unaning'inia.

Na Hatem uliponiuliza, 'Baba, nani kachagua mpango huu?', mie nikasema, 'Yule binti wa kaunta kaniandikia makosa.'

Nilisema hivo. Nikakuona unachukua funguo za gari, na sikukuzuia. Ulikwenda ukamtukana mbele ya watu, ukaandika malalamiko, ukarudi umevimba kifua unanambia, 'Nimemtia adabu, Baba.' Na mie nikakwambia ahsante mwanangu. Mkataba wake ulipokwisha hawakumpa mwengine. Alinipa shikamoo, nami nikamlipa hivo.

Msilie. Sikwambieni mlie, nakwambieni msikie, saa inakwenda.

Basi Hatem, sikiliza. Nikishazikwa, siku ya tatu isipite, mchukue ami yako Msellem, nendeni kwao Jumana, mkae mbele ya babake na useme, 'Baba yetu alisema uongo, hakujua kusoma akaona haya.' Useme hivohivo, usiipambe. Kisha uandike kule ofisini kwao, kwa jina langu, kwamba binti hakukosea kitu, alinionya mara mbili. Ukiona haya, kumbuka hiyo haya si yako, ni yangu, wewe umebebeshwa tu. Na Msellem mwambieni nimemsamehe, na yeye anisamehe, na lile la harusi alisema kweli.

Mali haina maneno. Nyumba igawiwe kisharia, na Shaikha asitolewe chumbani kwake mpaka atake mwenyewe. Gari mpeni Hatem, lenyewe linamjua kuliko linavonijua mie, mumhesabie katika fungu lake. Kile kiwanja cha Yiti hakifiki thuluthi ya nilichonacho, na Ruba kisharia hanirithi, kwa hivo nna ruhusa ya kumuusia, nacho nimemuusia Ruba. Mshuhudie. Kisiuzwe na mtu yeyote kwa kisingizio cha kumtibu.

Sasa turudi kwenye saa nane.

Aflah, nakujua mwanangu. Jana ulisimama hapo kwenye mguu wa kitanda ukamwambia mdogo wako, 'Nikibonyeza pale kwenye simu ya Baba ni kama nimemuua kwa mkono wangu.' Nimekusikia. Unaogopa Mungu, na mie ndo niliyekufundisha kumuogopa, sina la kukulaumu. Lakini nitazame. Daktari kakuambia nini kule ukumbini? Moyo umechoka, mashine yenyewe sasa hauiwezi, mara mbili wiki hii wameizima katikati. Mnanigombania mwaka mzima na mie sina hata mwezi. Sikwambieni mniache nife. Badilisheni, kisha nipangeni foleni ya spitali ya serikali kama watu wengine, zamu yangu ikifika inikute au isinikute, hiyo ni kazi ya Mungu, si kazi ya kidole chako.

Na mtoto je? Keshaambiwa lazima abadilishwe damu kila mwezi, la sivyo kitakuja kiharusi cha pili, na cha pili hakichukui mkono tu. Mwezi huu kibali kimekataliwa mara mbili. Mara mbili, Aflah. Mkingoja dirisha la mwaka ujao mtaweza kunihishimu vizuri sana, na mtakuwa mmezika wawili.

Najua mtasema tumtoe Ruba kwenye kadi ya Baba, apewe kadi yake na mama yake. Nimeshaulizia. Inataka karatasi ya mahakama na saini ya yule mume aliyekimbilia Dubai, miezi mitatu kama yuko tayari, na lini alikuwa tayari kwa jambo?

Shaikha. Njoo hapa, kaa kitandani. Wewe hukusema neno wiki mbili zote. Ndugu zako wanadhani umekubali. Mie naona unanilisha uji huku macho yako yako kwenye saa ya ukutani, ukishaona nakutazama unayateremsha. Mwanamke gani atafungua mdomo amwambie babake, shuka kitandani mwanangu apande? Umekaa kimya kwa adabu, na adabu hiyo inakula mtoto wako. Huna dhambi ya kutaka. Unanisikia? Kutaka mwanao aishi si kunitakia mie kufa. Juzi Ruba alinipandia hapa kitandani, akauweka ule mkono wake kifuani pangu kwa kuubeba na mwengine, akanambia, 'Babu, huu ulale kwako, mie mzito.' Nami hapo nikajua siwezi... siwezi kukutana na mama yenu... na jambo hili liko hivi.

Ngojeni... ngojeni. Nivute pumzi.

Simu yangu iko mfukoni mwako Aflah, tokea Jumatatu. Itoe. Nna haki ya kuomba simu yangu. Mie ndo mwenye kadi, mpango unabadilishwa kwa simu yangu tu, bila mie hakibadiliki kitu, na nyie mlitegemea ntakuwa nimeshapotewa na akili mpaka leo. Akili ninayo. Mtakaonitii kwa hili radhi zangu mnazo, hapa na akhera, kwa kila uji mlionipa na kila usiku mliokesha. Na atakayenikatalia... sitaki kulisema hilo neno. Msinifanye niliseme.

Ahsante, Aflah mwanangu, iweke hapa mkononi. Ahsante. Ulikuwa mtoto mzuri toka siku ya kwanza.

Nikifa nioshwe na nyie wawili, msimwite mtu wa kulipwa. Nilazeni karibu na mama yenu, kule kwenye makaburi ya Al Amerat, na msifanye shughuli za kujionesha, mchele na nyama wapeni majirani. Ruba mpelekeni skuli. Hata kwa kubebwa. Asome kila kitu, na ya kwenye dawa, na ya nyuma ya karatasi, maandishi yale madogo... hayo khasa.

Mungu akupeni afya. Mungu akupeni... kupendana. Asikuonesheni kaunta ya kukudhalilisheni. Amrejeshee mtoto mkono wake, na kama haurudi, ampe mwengine wenye nguvu za miwili. Amin. Semeni amin.

Sasa Shaikha, shika wewe hii simu. Mie sioni vizuri na hata ningeona... Nisomee. Tokea juu, polepole, usiruke neno. Ndiyo... ndiyo... ukurasa wa nne nisomee wote. Spitali ya Ruba ipo? Jina la daktari wake? Lisome tena.

Limo.

Haya mwanangu. Bonyeza.