Kiti cha Mbele Kimeshatengenezwa

Risala ya Umoja wa Wanaosubiri Kipuri, iliyosomwa katika karakana ya wakala siku ya kukabidhi gari la mwisho

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa huduma kwa wateja;
Meneja wa karakana;
Mafundi wetu, na dada wa mapokezi aliyetuvumilia;
Wanaumoja wenzetu;
Mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tunakukaribisha kwenye karakana ambayo ni yako wala si yetu, lakini utusamehe, tumekaa hapa mpaka tumejisahau. Tunajua bomba gani la maji linavuja na fundi gani anaimba akiwa chini ya gari. Wewe tulikuzoea kama sahihi chini ya barua. Leo tumeona kwamba una uso, tena uso wa mtu ambaye hakulala vizuri, na tumefarijika kidogo.

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu utaratibu. Risala hii imetungwa na mwenyekiti wetu, mshona mapazia, aliyekaa pale mwanzoni mwa safu. Inasomwa na katibu wetu, fundi miwani, huyu aliyesimama mbele yako, na ambaye miwani yake mwenyewe imefungwa kwa uzi. Ndivyo kanuni zetu zinavyotaka: mwenyekiti hutunga, katibu husoma. Kanuni hizo hizo zinasema risala ikianza kusomwa haikatizwi mpaka iishe, na aliyezitunga ni katibu mwenyewe, kwa mkono wake, tena akatusimamia tuzipitishe. Tunalisema hilo mapema kwa sababu kurasa za mwisho hajaziona. Zimebanwa kwa pini. Atakapofika ataifungua, na atasoma.

HISTORIA

Umoja wetu ulizaliwa kwa barua yako. Ilitufikia kila mtu kwake, ikasema kwamba magari yetu yanaitwa kurudi kwa wakala kwa sababu za usalama. Mfuko wa hewa wa upande wa abiria, ule uliojificha ndani ya dashibodi, ulikuwa na kasoro: siku ya ajali, badala ya kumkinga mtu, ungeweza kupasuka na kumrushia vipande vya chuma. Tuyalete magari yabadilishwe kifaa, bure. Na mpaka yatakapotengenezwa, mtu yeyote asikae kiti cha mbele cha abiria. Sentensi hiyo ilipigwa kwa wino mzito.

Tukaja. Tulikuja tukiwa tumeoga na kuchana nywele, kama watu wenye miadi. Dada wa mapokezi akaandika namba za chasisi, akatutazama kwa huruma, akasema, "Kipuri hakijafika. Rudini wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine. Wengine wetu tulitoka mbali, tukaona hasara kugeuza papo hapo, tukakaa kwenye benchi lile la ukutani kunywa chai ya mashine. Benchi lilikuwa fupi, kwa hiyo tulikaa tukibanana, na watu wanaobanana hawawezi kunyamaziana siku nzima. Hapo ndipo tulipochagua mwenyekiti na katibu. Mafundi wakatubatiza jina la Wanabenchi, nasi tukalipokea.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, magari yote ya umoja huu yametengenezwa. Kipuri kilipoanza kuja kilikuja kwa mafungu, na katibu wetu ndiye aliyehakikisha hakuna aliyerukwa. Kila gari lilipokamilika tulisimama tukapiga makofi, hata wale ambao zamu yao ilikuwa bado, na wengine walipiga shingo upande. Gari lake yeye aliliweka la mwisho. Tulidhani ni ustaarabu tu. Baadaye tukajua kulikuwa na jambo jingine, na tutalifikia.

Hakuna mwanaumoja aliyeumia. Tunajivunia hilo, maana kutii barua ile hakukuwa mchezo. Mtazame mwenzetu mwalimu wa udereva. Kazi yake yote iko kwenye kiti kile mlichokifunga. Alijaribu kufundisha akiwa nyuma, akipiga kelele "Breki! Breki, mama!" huku ameshika mabega ya mwanafunzi, mpaka mwanafunzi mmoja akashuka katikati ya mzunguko wa barabara na kwenda zake kwa miguu. Leo tunacheka. Siku ile alikaa hapa benchini mpaka karakana ikafungwa.

CHANGAMOTO

Simu ya karakana ilikuwa inalia bila kupokelewa, na ikipokelewa tunapigwa danadana: piga kesho, piga makao makuu, makao makuu wanasema piga karakana. Tulifika mahali tukawa tunapiga tukiwa hapa hapa benchini, tunaisikia ikilia nyuma ya mlango.

Changamoto ya pili ni kwamba umoja huu unakufa leo. Gari la mwisho likitoka, hatuna sababu ya kukutana. Mwenyekiti wetu anaishi peke yake na vitambaa vyake, na anakiri wazi kwamba asubuhi za karakana zilikuwa zinamtoa kitandani.

Katibu, fungua pini.

Changamoto ya mwisho, mgeni rasmi, ni ya katibu mwenyewe. Tumeiandika kama habari ya mtu mwingine ili sauti isimkwame. Aisome hivyo hivyo.

Mke wa katibu ni muuguzi. Nyumbani kwao wana watoto, wana mama mkwe, na wana shemeji aliyekuja kupumzika kidogo na sasa ana ufunguo wake. Hakuna chumba ambacho mume na mke wanaweza kuzungumza bila mtu wa tatu kuitikia. Chumba chao kilikuwa gari. Katibu ndiye aliyempeleka kazini na kumrudisha, na mkewe alikaa mbele, viatu amevua, akimpa habari za wodini na za bosi anayekagua vikombe vya chai vya wenzake. Naye alimpa za dukani, za mteja anayetaka miwani ya kusomea lakini iwe ya kutishia watu. Waligombana humo, wakapatana humo. Habari ya mimba ya mtoto wao wa mwisho katibu aliambiwa kwenye taa nyekundu. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi mpaka yakachoka, na yeye bado ameshika mkono wa mkewe.

Barua yako ilipofika, katibu aliisoma kwa sauti, kisha mkewe akaichukua akaisoma mwenyewe. Huyo ni mtu wa kazi inayofuata maagizo. Kesho yake akafungua mlango wa nyuma, akajitupa kitini, akasema, "Haya dereva, twende. Na usinizungushe njia ndefu, sina nauli ya kuchezea." Katibu alicheka mpaka akashindwa kuwasha gari.

Kicheko hakikudumu. Mtu wa mbele na mtu wa nyuma hawazungumzi, wanaitana.

"Mama kaamkaje?"

"Unasemaje?"

"Nimesema, mama kaamkaje?"

"Nani kaanguka?"

"Basi, tutaongea nyumbani."

Na nyumbani, mgeni rasmi, ndiko kusikoongeleka. Mkewe akaanza kusinzia njiani. Ametoka zamu, amechoka, kiti cha nyuma ni kipana, nani atamlaumu? Katibu akawa anamwona kwenye kioo, nusu uso. Alizima redio asimsumbue. Alijifunza kupita kwenye matuta polepole. Akituhadithia hapa benchini alisema kwamba ujanani aliwahi kukaa peke yake katika chumba cha kupanga, hajui mtu mji mzima, na upweke ule aliuweza. Huu wa sasa, alisema, wa kumsikia mtu wako akipumua nyuma ya shingo yako na huna la kumwambia, huu umemshinda.

Ndiyo maana aliliweka gari lake la mwisho. Muda wote kipuri kilipokuwa hakijafika, alikuwa na cha kusingizia. Kasoro ilikuwa ya kiwanda.

Wiki iliyopita fundi alimaliza. Leo zimebaki sahihi na picha. Jioni ile fundi alipomaliza, katibu alilisafisha gari, akakipangusa kiti cha mbele mara mbili, akaenda kumchukua mkewe kazini.

"Wameshatengeneza," akamwambia.

"Kweli? Wamesema wenyewe?"

"Fundi kaniambia."

"Afadhali."

Akamfungulia mlango wa mbele. Mkewe akakitazama kile kiti, akaweka mkoba wake pale, akaufunga mlango vizuri, akaingia nyuma.

Hakuwa amenuna. Angekuwa amenuna, katibu angejua pa kuanzia. Alikuwa mpole kabisa, akamwuliza kama amekula, kisha akalala.

Alipotusimulia hapa benchini, tulimshambulia wote kwa maneno. Dada wa mapokezi alimwambia, "Kaka, si umwambie tu, njoo mbele? Maneno mawili hayo!" Katibu akasema, "Nikimwomba, atanijibu. Na akinijibu kwamba nyuma ndiko anakopumzika, nitafanya nini?" Mwalimu wa udereva, ambaye hakosi ushauri, aliinuka akaenda kumwaga chai yake iliyokuwa bado ya moto.

Katibu, tunajua hapa utasita. Maji yako pembeni. Hatuna haraka.

MAOMBI

Tunaomba simu ya karakana ipewe mtu wa kuipokea, na mtu huyo aruhusiwe kusema ukweli. Kuambiwa "hatujui" kungetusaidia kuliko kuambiwa "wiki ijayo".

Tunaomba benchi lisiondolewe. Tumesikia kwamba magari sasa yatafuatwa majumbani na chumba cha kusubiria kitageuzwa stoo ya matairi. Ni mpango mzuri kwa wenye haraka. Wengine hatuna.

Tunaomba barua ya pili. Ya kwanza ilikuja haraka, kwa wino mzito, ikamwondoa mtu kwenye kiti chake. Ya kumrudisha haikuja. Gari likishatengenezwa mnampa mwenye gari karatasi ya kazi yenye namba ya kipuri, na kwenu mambo yameisha. Yule aliyehamia nyuma hakuna anayemwandikia, kana kwamba yeye alikuwa sehemu ya kasoro. Tunaomba awe anaandikiwa, kwa jina lake, na aliyesaini ile ya kwanza.

Ombi la mwisho halihusu kampuni, na una haki ya kulikataa. Gari la katibu liko hapo nje ya dirisha, upande wa kivuli. Mkewe yumo, kiti cha nyuma. Katoka zamu. Katibu alimwomba aingie kwenye hafla, akasema, "Nenda tu, nitakusubiri." Ratiba inasema baada ya risala wewe utaenda kulikagua gari la mwisho. Tunaomba ukifika ugonge kioo taratibu, umsalimie, umpe pole ya kazi. Ujitambulishe kwamba wewe ndiye uliyeiandika barua. Umwambie kwa mdomo wako kwamba kiti cha mbele sasa ni salama. Atakuamini, maana alikuamini mara ya kwanza. Umwambie pia kwamba kuna mtu anayemhitaji pale mbele, na akikuuliza ni nani, useme ni Wanabenchi ndio tumekutuma.

Halafu, mgeni rasmi, tunaomba uondoke. Usisimame kuona atakaa wapi. Mpiga picha naye abaki humu ndani. Sisi wenyewe tumekubaliana kugeuza viti vyetu tutazame ukuta, na mwenyekiti ameapa hatachungulia, japo tunamfahamu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza, na kwa kutomtazama sana katibu alipokuwa akisoma. Mungu akulinde barabarani, wewe na kila unayembeba, wa mbele na wa nyuma. Awalinde mafundi wetu na mikono yao. Nawe dada wa mapokezi, Mungu akupe siku moja nzima ambayo hakuna atakayekuuliza lini.

Katibu wetu, ndugu yetu, umesoma mpaka mwisho kama kanuni inavyosema. Hatukukutendea haki kukusomesha haya mbele za watu, na ukitaka kutukasirikia utatukuta, anwani zetu unazo. Lakini neno lile la mwisho, la "njoo mbele", hatukulisema kwa niaba yako. Tumeliacha, kwa kuwa mkurugenzi hawezi kulisema na sisi hatuwezi. Mgeni rasmi akishaondoka pale garini, wewe nenda. Muulize. Atakachokujibu, utakuwa umejibiwa na mke wako, na siyo na mkoba.

Ni sisi,
Umoja wa Wanaosubiri Kipuri,
Wanabenchi.