Esteri Hakubaki Kwenye Shamba la Mihogo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Muitike kwa nguvu, kwani masikio ya muzee ni nzito, na nataka nisikie kama niko na watu. Haleluya!

Mimi ni Papa Dorika. Nilizaliwa pande za Gety, nikalima kule maharagi na mihogo, na sasa niko hapa Bunia kwa mutoto wangu Yosiya. Masomo yangu iliishia karibu na mulango wa darasa, basi mukiona neno limekaa vibaya, mulinyooshe wenyewe. Nakuja kumushuhudia Bwana aliyenitoa kwenye kifungo. Si pombe, si uchawi. Kifungo changu kilikuwa juu ya kichwa, kila mutu alikiona. Kilikuwa nywele.

Ngojeni, nitaeleza. Mimi niko na tabia ya kupita njia ndefu. Bibi yangu Esteri, mwenye nilimuoa ujanani, alikuwanga anasema: "Muzee, weye ukitumwa chumvi, unaleta habari ya ng'ombe."

Esteri alikuwa mufupi, na mudomo wake haukulala. Alikuwanga anatoka shamba na beseni la mihogo kwa kichwa, na akifika kwa mulango anaanza kunicheka hata hajalitua. Kanisani mimi nikiimba, ananigusa na kiwiko: "Punguza, unamuchokesha Mungu." Ndugu zangu, hata leo nikiimba kwa nguvu, ubavu wangu wa kushoto unangojea kile kiwiko.

Vita ilipotufikia, nilikuwa nimekwenda kuangalia mbuzi ngambo ya mto. Bunduki zikatutenga. Mimi nikakimbia na watu wa kuja Bunia. Esteri akashika njia ya ziwa, yeye na mudogo wake Mama Furaha, na watoto wa Furaha. Kisha habari ikanifikia kwa midomo ya watu: Esteri alikufa kwa homa njiani, wakamuzika pembeni ya njia, katika shamba la mihogo la mutu hatumujui. Bila sanduku, bila musalaba. Mama Furaha akavuka ziwa kuingia Uganda, na mimi sikumuona tena.

Sasa, kwetu mwanaume akifiwa na bibi, hanyoi mpaka siku ya kuondoa matanga. Na siku ile wembe unashikwa na mutu wa upande wa bibi, si mwingine. Njo hivyo, ndiyo desturi. Kaka yangu mukubwa akaniambia: "Matanga haiwezi kuondolewa bila udongo wa kaburi lake. Ukinyoa udongo ukiwa haujafika, roho ya Esteri itabaki kuzunguka porini. Haiko kwetu, haiko kwa Mungu."

Basi sikunyoa. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mingine. Nywele ikapanda, ndevu ikashuka. Watoto wa avenue, ile njia ya mtaa wetu, wakaniita Samsoni. Mama mumoja anayeuza sombe, majani ya mihogo, sokoni alikuwanga anapaza sauti: "Papa Dorika, ndege wakishataga mule, uniwekee mayai!" Nilicheka nao. Lakini mvua ikinyesha, moyo unaniuliza: Esteri iko wapi? Alikuwanga anaogopa radi, anajifunika kitenge mpaka kichwa. Nani anamufunika sasa? Jua likiwaka, nawaza: nani anamupa maji?

Nikawa nakwenda pahali magari yanafikia, naulizia lile shamba. Dereva mumoja akanijibu kwa upole: "Muzee, mihogo iko njia yote." Muchungaji wetu alihubiri kwamba wenye kufa ndani ya Bwana wanapumzika kwake. Nikaitika Amina. Mudomo uliitika, kichwa kikabaki vile vile.

Sasa sikieni vile Bwana alitenda! Asubuhi moja Mama Furaha akaingia kwa parseli, kiwanja cha nyumba ya Yosiya. Alirudi kupitia Mahagi-Port, bandari ya ziwani, na kitunga cha samaki wakavu. Akaniona, akakitua chini.

"Shemeji! Ni weye, ao ni kichaka?"

Sikumupa hata kiti, Mungu anisamehe. Nikamuuliza: "Udongo wa kaburi, uliuchukua?"

Akanitazama. "Shemeji, nilichukua watoto. Mikono yangu ilijaa."

"Basi twende, utanionyesha pahali."

"Pahali gani? Walishalima mule, wakapanda tena. Hata mimi siwezi kupajua."

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye vumbi. Nikalia mbele ya bibi ya Yosiya na wajukuu: "Basi Esteri amepotea!"

Mama Furaha akakasirika! Alinisimamia kama mutu anayefukuza kuku. "Nani amepotea? Weye ulikuwa pale? Mimi nilikuwa pale! Nilishika kichwa chake kwa mapaja yangu. Bunduki zinalia nyuma, watu wanatupita, na yeye ananiambia, 'Furaha, peleka watoto, usiningojee. Bwana iko hapa, mimi nakwenda naye.' Sura yake ilitulia, shemeji, kama mutu ametua beseni. Tena akasema, 'Muambie muzee asilie sana. Macho yake ni mabaya tayari.' Akacheka kidogo. Njo mwisho."

Nikapangusa machozi na vumbi. Yeye akaendelea:

"Na ule mwizi aliyetundikwa pamoja na Yesu? Nani alimufanyia matanga? Nani alimuletea udongo? Na Bwana alimuahidia Paradiso siku ile ile! Weye unadhani Bwana anangoja udongo wa Gety kusudi amujue mutu wake?"

Haleluya! Neno lile nililisikia tangu ujana, na siku ile njo lilinifikia. Roho ya Esteri haikukaa porini hata kidogo! Bwana aliipokea kwa mikono yake. Mwili wake, ndiyo, uko chini ya mihogo ya watu. Lakini Yeye anapajua pale, na siku ya baragumu atamuita, na ardhi itamuachilia.

Nikamuambia Mama Furaha: "Weye ni wa upande wake. Leta wembe." Akanikalisha kwenye kiti cha mbao, pale pale kiwanjani, akaninyoa. Alikuwa analia, nami nalia, na wembe haukunikata hata mara moja. Kaka yangu akaja, akaona, akainama, akaokota nywele pamoja nasi. Majirani wakaimba. Tukakula bugali na samaki ya Mahagi-Port. Matanga ikaisha.

Muniulize sasa: muzee, hamu imeisha? Hapana! Siwezi kudanganya mbele ya Mungu. Ninamutamani. Namutamani wakati wa chai, namutamani wakati wa nyimbo. Hofu njo imeondoka. Kuna mambo mengi ya kule mimi sijui, muulize wenye kusoma. Mimi najua Nani alimupokea, na kwa Yeye ninatulia.

Na weye ndugu, weye dada, mwenye ulimuacha mutu wako njiani ukakimbia, ukashindwa kumuchimbia hata shimo: nitakuambia nini? Kama alikuwa wa Bwana, Bwana hakukimbia. Alibaki naye. Na weye mwenyewe ungali unapumua, umupe Yesu maisha yako leo, mukutane kule.

Na siku yangu ikifika, mulie kidogo, muimbe sana. Mimi nitakuwa nimeshafika. Nitapiga magoti kwanza mbele ya Mwokozi wangu aliyenikufia, nimushukuru mpaka nitosheke, kama kule kuna kutosheka. Kisha, akinipa ruhusa, nitauliza: "Bwana, Esteri iko upande gani?"

Amina, ndugu zangu. Amina.